Oktoba, mwezi wa kufunga mabwawa Ohio

Ikifika katikati ya Oktoba, viunga vya Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, huanza kunguruma. Kwanza ni mashine za kupuliza majani, maana mipli na mialoni hupukutika kwa pamoja na hakuna ua unaosalimika. Kisha, kwenye nyumba zenye bwawa la kuogelea nyuma, huja kompresa. Fundi huegesha pikapu kando ya nyumba, huburuta mpira wa hewa hadi uani, na kwa saa mbili tatu majirani hawasikii kingine. Akiondoka, maji ya buluu yaliyokuwa wazi tangu Mei yamefichwa chini ya kifuniko cha kijani au cheusi, na yatabaki hivyo mpaka baridi iishe.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda akashangaa kwamba bwawa linafungwa. Huku pwani bwawa la hoteli hutiwa klorini Januari hadi Desemba, na hakuna usiku wa kuligandisha. Lakini Kiswahili siku hizi kinazungumzwa Columbus pia. Wapo Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma wakabaki, na wapo Wakongo waliopokewa kutoka kambi kama Nyarugusu ya Kigoma. Baadhi yao wamenunua nyumba ambazo bwawa lilikuwa sehemu ya mauzo, wengine wamepanga nyumba za namna hiyo, na wengine wameajiriwa kuyafunga na kuyafungua mabwawa ya watu. Ninaandika kwa ajili yao kwanza, na kwa ajili ya ndugu zao walio nyumbani, ambao kila Julai hutumiwa picha za watoto wakirukia maji na Januari hawatumiwi picha yoyote ya bwawa hilohilo.

Wengi wa wanaoingia kwenye nyumba hizo huamini kuwa kazi yote ni kutandaza turubai. Nimetazama kazi hii kwa karibu na kuuliza maswali mengi, na nimeona mambo mawili yanayopaswa kusemwa kwa sauti. Kazi kubwa hufanyika kabla turubai halijatolewa stoo, nayo iko ndani ya mabomba. Na kifuniko chenyewe kinapaswa kuchaguliwa na mtu anayemfikiria mtoto kabla ya kufikiria majani.

Nianze na mabomba. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Ndani ya bwawa lenyewe utanuzi huo una nafasi. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi, hubaki juu, huganda juu, na barafu yake huelea. Kwenye kina cha mita mbili maji hubaki maji hata Januari. Hatari iko kwenye maji yaliyokaa mahali pasipo na nafasi: ndani ya bomba, ndani ya pampu, ndani ya tangi la chujio, ndani ya mirija myembamba ya shaba ya hita. Humo barafu huanzia sehemu moja, ikaziba njia, halafu kadiri inavyokua huyasukuma maji yaliyonaswa kati yake na mwisho wa bomba. Maji hayo hayana pa kwenda. Shinikizo hupanda mpaka kilicho dhaifu kuliko vyote kipasuke. Bomba la plastiki huchanika kwa urefu, chini ya ardhi, bila kelele, na mwenye nyumba hugundua Mei anapowasha pampu na kuona maji ya bwawa yanapungua kila siku.

Wajenzi wa Columbus hutakiwa kushusha misingi ya nyumba hadi inchi 32, yaani sentimita 81 hivi, ili ipite ardhi inayoganda. Mabomba ya mabwawa mara nyingi hulazwa juu ya kina hicho, na hata yaliyozikwa chini sana hayana budi kupanda juu ya ardhi ili yafike kwenye pampu. Tarehe 19 Januari 1994 kipimajoto cha mji huo kilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, rekodi ambayo haijavunjwa. Si kila mwaka unaofikia huko, lakini hakuna mwaka usiogandisha.

Anayetaka kuona maana ya mabomba yaliyoachwa na maji ayakumbuke ya Texas, Februari 2021. Huko kusini watu wengi hawafungi mabwawa. Baridi yao kwa kawaida ni ya siku chache, na pampu hufungiwa kifaa kinachoiwasha yenyewe hewa inapokaribia kuganda, kwa kuwa maji yanayozunguka hayagandi upesi. Mpango huo unategemea umeme. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari gridi ya jimbo ilizidiwa, na mamilioni ya nyumba zikakatiwa umeme wakati ambapo dhoruba ilikuwa imetanda. Asubuhi ya tarehe 16, eneo la Dallas na Fort Worth lilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Pampu zilikuwa zimenyamaza, na maji yakaganda palepale yalipokuwa. Katika janga lililoua watu zaidi ya 200, pampu iliyopasuka ni hasara ndogo, na wapo waliochota ndoo za maji kwenye bwawa lao ili wasukume choo kwa sababu mabomba ya nyumba nayo yalikuwa yamepasuka. Lakini miezi iliyofuata, wenye mabwawa wa Dallas na Houston, wakiwemo wa jamii zetu, walisubiri vipuri na mafundi kwa muda mrefu. Kwa namna moja, kule Ohio mafundi hufanya kazi ambayo haihitaji umeme uwepo Januari. Wakishamaliza Oktoba, gridi ikizimika wiki nzima, hakuna kilichobaki ndani ya bomba cha kuganda.

Ukimweleza mgeni haya yote, mara nyingi hufikia uamuzi unaoonekana wa busara: basi tuyamwage maji yote tusumbuke mara moja. Asithubutu. Bwawa la kawaida la uani hubeba lita 75,000 hivi, yaani tani 75, na uzito huo ndio unaoshindana na udongo unaosukuma kuta kutoka nje na maji ya ardhini yanayosukuma sakafu kutoka chini. Udongo wa sehemu kubwa ya katikati ya Ohio ni mfinyanzi unaoshika maji, na theluji inapoyeyuka Machi, maji ya ardhini hupanda. Bwawa tupu la zege, kwa nguvu ileile inayoelesha chombo baharini, linaweza kuinuka ardhini zima zima, likapasua sakafu ya pembeni na kukata mabomba yake. Lile lililotandikwa plastiki ya vinili nalo halivumilii kuachwa tupu: plastiki hukauka, husinyaa, na ikijazwa maji tena huchanika kwenye kona.

Kwa hiyo maji hupunguzwa tu, na kiasi cha kupunguza hutegemea kifuniko. Kila bwawa lina skima, kile kisanduku kilichojengwa ukutani kwenye usawa wa maji, kinachovuta majani na wadudu. Kwa kifuniko kisichopitisha maji, usawa hushushwa chini kidogo ya mdomo wa skima. Kwa kifuniko cha wavu hushushwa zaidi, maana mvua na theluji ya miezi ya baridi vitaongeza maji ndani. Lakini yasishuke kupita kiasi. Kifuniko kilichofungwa kwa mikanda huhitaji maji au barafu ya kukiegemeza theluji inapokilemea, ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo, mara nyingi inchi 18, sentimita 45 hivi, kutoka ukingoni.

Suala la lini kufunga lina ubishi kila mwaka. Wamarekani wengi huhesabu kiangazi kimekwisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu yao ya wafanyakazi, na wengine hufunga bwawa wikiendi hiyohiyo. Ni mapema mno. Maji bado yana joto, mwani bado unakua, na klorini uliyoyaacha nayo itakwisha kabla baridi haijafika. Ukifunua Mei unakuta supu ya kijani. Mafundi niliowasikiliza husubiri maji yashuke chini ya nyuzi 15 na kubaki huko, jambo ambalo Columbus hutokea Oktoba. Gharama ya kusubiri ni majani. Wiki hizohizo ndizo miti inapomwaga kila kitu, na jani lililozama hutia doa sakafuni na kula klorini. Wenye subira hutandaza wavu mwepesi wa majani juu ya bwawa tangu mwisho wa Septemba, kisha huuondoa na uchafu wake wote siku ya kufunga. Nadhani ni gharama ndogo kwa faida kubwa.

Siku chache kabla ya siku yenyewe, maji husafishwa na kupimwa. Kuta hupigwa brashi, sakafu hufyonzwa, majani huopolewa kwa wavu. pH hutakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.6, alkalini kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, kalsiamu kati ya 200 na 400. Kipimo cha kalsiamu ndicho wengi hukipuuza, na kwa bwawa lililopigwa plasta ndicho chenye madhara majira ya baridi. Mwaka 1936 Wilfred Langelier, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alichapisha njia ya kukadiria kama maji yatatandika chokaa kwenye bomba au yataila iliyopo. Alikuwa akifikiria maji ya miji, lakini hesabu yake ndiyo inayotumika kwenye mabwawa hadi leo, na halijoto ni mojawapo ya vipimo vyake. Maji yaliyokuwa salama kwa plasta mwezi Julai, yakipoa hadi nyuzi 4 bila kubadilishwa chochote kingine, yanaweza kuanza kuila. Hapo hukaa miezi ya baridi, hakuna anayeyapima, na ukuta uliokuwa laini hutoka ukikwaruza miguu ya watoto. Baada ya vipimo hutiwa dozi nzito ya klorini, na ikishapungua hufuata dawa ya kuzuia mwani. Kifuniko hakitandazwi klorini ikiwa bado kali, kwa sababu huchubua rangi ya plastiki na kukizeesha kifuniko chenyewe.

Sasa kompresa. Oktoba iliyopita nilisimama uani kwa dada yangu, kaskazini ya mji, nikamtazama fundi mmoja mzaliwa wa Uvira, kule Kongo, akifanya kazi hii tangu mwanzo. Alikuwa na koti zito, na mkono mmoja wa koti hilo ameupandisha hadi begani.

“Mama, zima kwanza swichi ya pampu kule ndani, halafu uweke alama asiiwashe mtu,” alimwambia dada kabla hajagusa kitu.

Alipohakikishiwa, akaunganisha mpira wa hewa kwenye pampu, akageuza valvu, na kuwasha kompresa. Mwanzoni hapakuonekana kitu. Bomba lilitoa mkoromo, kisha kwenye ukuta wa upande wa kina kifupi, pale maji yaliyochujwa yanaporudi bwawani, likatoka pigo la maji machafu kidogo, na baada yake mapovu. Tundu la karibu na pampu lilianza kuchemka kabla ya yale ya mbali. Fundi alipiga goti ukingoni, akatumbukiza ule mkono hadi begani, akiwa ameshika kizibo cha mpira chenye skrubu ya kipepeo katikati. Alikisukuma ndani ya tundu huku mapovu yakimtoka kati ya vidole, akaizungusha skrubu mpaka mpira ukatanuka na mapovu yakakoma. Siri iko hapo. Hewa haizimwi kabla kizibo hakijakaa, kwa sababu sekunde chache tu zinatosha maji kurudi na kulijaza bomba upya. Kila tundu lilifungwa hivyo, la mwisho likiwa la mbali kuliko yote, ambalo sasa hewa yote ya kompresa ilikuwa ikitokea kwake na maji yakiruka hadi usoni mwa fundi.

Lilibaki tundu la sakafuni, kwenye kina kirefu, ambalo huwezi kuliziba bila kupiga mbizi. Kwa hilo kuna ujanja ninaoupenda kuliko mambo yote ya kazi hii. Fundi huelekeza hewa yote huko, husubiri mpaka mapovu makubwa yapande katikati ya bwawa, kisha, hewa ikiwa bado inasukuma, hufunga valvu ya juu. Hewa hunaswa ndani ya bomba. Maji ya bwawa yanataka kupanda lakini hewa haina pa kutokea, kwa hiyo sehemu ya juu ya bomba, ile inayopita kwenye ardhi inayoganda, hubaki kavu mpaka mwaka mwingine. Maji yaliyobaki yapo chini kabisa, ambako hakugandi.

Kwenye skima alitumbukiza chupa tupu ya plastiki iliyotiwa maji kidogo ya dawa ili isielee yote. Barafu ikitanuka humo, itaiponda chupa na kuuacha ukuta wa skima. Pampu, chujio na hita zilifunguliwa vizibo vyake vya chini zikamwaga kila tone, na vizibo hivyo vyote vikawekwa ndani ya kikapu cha pampu, mahali ambapo yeyote atakayefungua bwawa Mei atavikuta bila kuuliza. Mchanga wa chujio huachwa humohumo. Chujio la karatasi hutolewa, huoshwa na kuwekwa ndani ya nyumba. Ngazi, vishikio na mbao za kurukia navyo hung'olewa.

Panapokuwa na bomba ambalo fundi hana hakika limekauka, hutiwa dawa ya kuzuia maji kuganda. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Zipo dawa mbili zenye kazi moja. Ya mabwawa, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya waridi, ni propilini glaikoli, na sumu yake ni ndogo. Ile inayotumika sana kwenye rejeta za magari ni ethilini glaikoli. Hii ni sumu kali, ina ladha tamu, na huua mbwa, paka na watoto wanaoilamba. Mtu aliyezoea gereji, na dumu la kijani liko pale kwenye banda la gari, anaweza kuona hakuna tofauti. Ipo, nayo ni ya uhai. Dawa ya gari isiingie kwenye bwawa kabisa.

Ndipo kinapokuja kifuniko, na hapa sitapita haraka.

Kifuniko cha bei nafuu ni turubai la plastiki linalozidi ukingo wa bwawa kila upande, likikandamizwa kwa mifuko mirefu iliyojazwa maji. Wengine hutumia matofali, ambayo upepo ukivuta turubai huanguka ndani na kuchana kila kinachokutana nacho. Kwa mabwawa yanayosimama juu ya ardhi huwekwa mto wa hewa katikati chini ya turubai, ili barafu ipate kitu cha kukiminya na isisukume kuta. Turubai hilo huzuia majani na mwanga, na maji hubaki safi. Lakini halimbebi mtu. Linavyoonekana, ni tandiko lililolala sawasawa usawa wa nyasi. Mtoto wa miaka miwili haoni bwawa pale, anaona uwanja.

Mvua ikinyesha, maji hukusanyika juu yake. Chukua bwawa la futi 16 kwa 32, kipimo cha kawaida, karibu mita za mraba 48. Sentimita 10 tu za maji juu ya turubai hilo ni karibu kilo 4,800. Uzito huo hulivuta turubai ndani, huing'oa mifuko, na kabla halijang'oka huwa tayari limekuwa bwawa la pili juu ya lile la kwanza. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5. Na akikanyaga ukingo turubai likalegea, humfunika na kumzungushia, na aliye ndani ya nyumba hasikii lolote, kwa kuwa mtu anayezama hapigi kelele. Ndiyo maana turubai la namna hii lisiachwe bila pampu ndogo ya kuvuta maji juu yake, na hata hivyo lihesabiwe kuwa ni bwawa lililo wazi.

Kifuniko cha usalama ni kitu kingine. Hufungwa kwa mikanda na springi kwenye vishikizo vya chuma kisichoshika kutu au shaba vilivyotobolewa kwenye zege pande zote, na huvutwa mpaka kikaze. Wamarekani wana kiwango cha kukipima, ASTM F1346, kilichoanza kutumika miaka ya mwanzo ya 1990. Kwa bwawa lenye upana unaozidi futi 8, kifuniko hutakiwa kubeba pauni 485, kilo 220, yaani watu wazima wawili na mtoto mmoja. Aliyeweka hesabu hiyo alifikiria vizuri: mtoto ameanguka juu ya kifuniko, mama amemkimbilia, baba amefuata. Kiwango hichohicho hutaka maji yasikae juu kiasi cha kumzamisha mtu, kusiwe na mwanya mtoto anaoweza kupenya, na kifuniko kiwe na lebo inayosema ni cha aina hiyo. Kampuni ya Loop-Loc ya Long Island, New York, ilijipatia umaarufu kwa picha ya tembo aliyesimama juu ya kifuniko chake. Ni tangazo la biashara, na hakuna tembo anayepita uani Columbus, lakini lilionyesha kwa mara moja kile ambacho turubai haliwezi.

Vingi vya vifuniko hivyo ni vya wavu. Maji hupita, kwa hiyo hakuna ziwa la juu wala pampu ya kukumbuka. Ubaya wake ni kwamba mwanga kidogo nao hupita, vumbi laini hupita, na bwawa hufunguliwa likiwa na ukijani kiasi. Mtu akiniuliza achague kipi, sina kusita: achukue wavu wenye lebo, ayakubali maji ya kijani, asugue wiki moja Mei. Mwani unaondoka kwa klorini.

Bei ndiyo inayowashinda wengi, maana kifuniko cha usalama ni ghali mara nyingi kuliko turubai, na hukatwa kwa kipimo cha bwawa lako. Najua pia kuwa familia iliyofika juzi na inayotuma fedha nyumbani kila mwezi haianzi na kifuniko. Lakini takwimu za taasisi ya afya ya Marekani, CDC, zinasema kuzama ndiko kunakoongoza kuua watoto wa mwaka 1 hadi 4 nchini humo, na wengi wa hao huzama kwenye mabwawa ya nyumbani. Tena zinaonyesha kuwa watoto weusi wenye umri wa kwenda shule huzama mabwawani kwa kiwango kinachozidi cha weupe mara kadhaa.

Hilo lina historia yake. Mwanahistoria Jeff Wiltse ameieleza kwa kina katika kitabu chake Contested Waters cha mwaka 2007. Tarehe 21 Juni 1949, mji wa St. Louis ulifungulia rangi zote mabwawa yake ya umma, na siku hiyohiyo kundi la wazungu lilikusanyika katika bustani ya Fairground na kuwapiga weusi waliokuwa humo. Miaka iliyofuata, miji kadhaa ilichagua kuyafunga mabwawa ya umma kuliko kuyachanganya, na wazungu wenye uwezo wakahamia kwenye vilabu na kwenye mabwawa ya nyuma ya nyumba zao, ambayo kabla ya hapo yalikuwa ya matajiri wachache. Vizazi vya watoto weusi havikuwa na pa kujifunzia kuogelea. Mtoto wa Kikongo au wa Kikenya anayekua Ohio leo anaingia ndani ya historia hiyo hata kama wazazi wake hawajaisikia. Mzazi aliyelelewa kando ya Ziwa Tanganyika anaweza kuwa muogeleaji hodari, na mtoto wake aliyekulia kwenye ghorofa la mjini asijue kuelea. Masomo ya kuogelea na kifuniko chenye lebo ni lazima viende pamoja.

Bwawa likishafungwa, halisahauliwi. Baada ya kila upepo mkali mikanda hukaguliwa na springi iliyolegea hurudishwa. Theluji laini huachwa. Haisukumwi kwa sepeto la chuma. Hakuna anayetembea juu ya barafu ya bwawa, hata ikionekana nene, kwa sababu barafu ya kando huyeyuka kabla ya ile ya katikati. Uzio nao hubaki na kazi yake: kanuni za ujenzi zinazotumika katika majimbo mengi hudai usipungue inchi 48, sentimita 122 hivi, na mlango ujifunge na kujishikiza wenyewe. Januari mlango huo huganda ukiwa wazi, au mtu huuwekea jiwe apitishe kuni, na hapo ulinzi wote umekwenda. Aprili maji yanapokaribia nyuzi 15 ndipo pa kuanza kufikiria kufungua, kabla jua halijauamsha mwani chini ya kifuniko.

Kwa ndugu anayepanga nyumba yenye bwawa, nina ombi la mwisho, nalo ni la kufanya kabla ya kutia saini. Muulize mwenye nyumba, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba: nani atalipa fundi wa Oktoba, nani atavuta maji juu ya kifuniko Januari, na kifuniko chenyewe ni cha aina gani. Kisha mwombe akufunulie kona moja uitafute ile lebo ya F1346. Isipokuwepo, lihesabu bwawa hilo kuwa liko wazi mwaka mzima, ukakague uzio na kitasa cha mlango wake kwa mikono yako mwenyewe kabla watoto hawajahamia.